Nina vali ya chuma, sasa nimekutwa na saratani ya titi

SWALI: Nina miaka 43. Mwaka 2016 niliwekewa vali ya chuma ya maitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) baada ya homa ya rumatiki kuharibu ile niliyozaliwa nayo, na tangu hapo nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni. Sasa nimekutwa na saratani ya titi. Madaktari wamepanga kemo kwanza, upasuaji baadaye. Jirani ananiambia niache warfarini mapema nisije nikatokwa na damu. Nifanyeje?
Mama Rehema, Morogoro

JIBU: Pole sana, Mama Rehema. Shauri la jirani liweke kando. Vali ya chuma ya maitrali hugandisha damu kwa urahisi kuliko ya aota (mlango wa kutokea mshipa mkuu wa damu), na saratani yenyewe huongeza hatari hiyo. Donge la damu likikwama kwenye bawaba, vali haifunguki sawasawa. Likichomoka likafika kwenye ubongo, ni kiharusi. Usikubali pia kuhamishiwa vidonge vipya kama dabigatrani au apiksabani: majaribio yake kwa wenye vali za chuma yalisimamishwa kabla ya muda.

Kinachosumbua hasa wakati wa kemo ni kuyumba kwa INR, kipimo cha muda damu inachochukua kuganda: ikipanda unatokwa na damu kirahisi, ikishuka damu huganda kirahisi. Kwa vali kama yako kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5, na waliozoea kupima mara moja kwa mwezi inabidi wapime kila wiki. Kapesitabini, dawa ya kemo ya vidonge, huipandisha sana, hata wiki kadhaa baada ya kuiacha. Tamoksifeni, kidonge cha homoni cha saratani ya titi, nayo huipandisha. Aprepitanti, dawa ya kuzuia kutapika, huishusha kwa muda, ndiyo maana hupimwa tena siku ya 7 hadi 10 baada ya dozi. Ila mara nyingi kinachowaponza wagonjwa ni dawa ndogondogo: flukonazoli ya utando mweupe mdomoni, metronidazoli ya kuhara, Septrin. Anayekuandikia hizo aambiwe kwanza kwamba unatumia warfarini. Diklofenaki na aspirini za dukani usiguse kabisa bila daktari wako. Ukishindwa kula siku 2 au 3, INR hupanda. Ukirudi kwenye kisamvu na mchicha kwa pupa, hushuka. Kula mboga za majani, lakini kwa kiasi kilekile kila wiki. Majani ya stafeli na unga wa mlonge wanaokuletea wageni, waachie wenyewe.

Kabla ya dozi ya kwanza omba eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti). Doksorubisini na trastuzumabu, dawa za saratani ya titi, zinaweza kudhoofisha msuli wa moyo, na wako umeshapitia misukosuko. Ukipewa trastuzumabu, eko hurudiwa kila miezi 3 hivi. Kemo pia hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda; zikiwa chini ya 50,000 kwa kila mikrolita ya damu, madaktari wa moyo na wa saratani wakae pamoja waamue dozi ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Hilo si la kuamua mmoja wao, wala wewe.

Upasuaji ukikaribia, warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla. INR ikishuka chini ya kiwango chako, unaanzishiwa sindano za enoksaparini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, 1 mg kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, ikiwa figo ziko sawa. Mwenye kilo 60 huchomwa 60 mg. Ya mwisho huchomwa saa 24 kabla ya kisu. Warfarini hurudi jioni ya siku ya upasuaji au kesho yake, na sindano za dozi kamili husubiri saa 48 hadi 72 kidonda kikauke. Huendelea hadi INR irudi kwenye kiwango.

Homa ya 38 au zaidi ni safari ya hospitali usiku huohuo. Damu ya kuotesha (kutafuta bakteria maabara) ichukuliwe kabla ya antibiotiki, mara 2 au 3 sehemu tofauti, kwa sababu bakteria huweza kujishika kwenye vali. Lakini antibiotiki isicheleweshwe kwa kusubiri majibu. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kemo, ukiwa umemeza amoksilini gramu 2 saa moja kabla, kama huna mzio wa penisilini.

SWALI: Mtu mwenye vali ya chuma anaweza kuingia kwenye MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku?
Msomaji, Tanga

JIBU: Anaweza; karibu vali zote zinazowekwa leo zinaruhusiwa. Apeleke kadi ya vali aliyopewa alipofanyiwa upasuaji, waangalie aina yake kabla ya kumlaza.