Flashi ya nje ya kamera kwa anayeanza: pesa iende wapi

Saa kumi na mbili na nusu jioni pale Capripoint, ufukweni mwa ziwa Mwanza, jua likizama nyuma ya maharusi, kamera peke yake inakulazimisha uchague: anga lipendeze sura ziwe giza, au sura zionekane anga liwe jeupe pe. Flashi moja iliyoshushwa kutoka juu ya kamera ikasimama pembeni inamaliza ugomvi huo. Shida ni kwamba wengi huingia dukani wakiulizia flashi kubwa kuliko zote, wakatoka nayo bila triga (kifaa kinachokaa juu ya kamera na kuiamuru flashi ya mbali iwake), bila betri za maana, na stendi inayoyumba. Kwa mfuko mdogo, fanya kinyume chake: flashi iwe ya kawaida, vinavyoizunguka ndivyo viwe vizuri.

Flashi za kuanzia ni zile unazopanga nguvu kwa mkono, kuanzia 1/1, yaani nguvu yote, hadi 1/128. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV ndizo zinazotajwa sana, na zote mbili zina kipokezi cha redio ndani, kwa hiyo hununui kipokezi pembeni. TTL, yaani kamera kuipangia flashi nguvu yenyewe, iache kwa sasa. Flashi iliyosimama mahali pamoja na mtu aliyesimama mahali pamoja havihitaji kukisiwa upya kila picha, na shela nyeupe kando ya suti nyeusi huichanganya kamera kila mara. Anza na 1/8, piga, tazama picha kwenye kioo cha kamera, panda au shuka. Kila ukigawa kwa mbili, mwanga unapungua hatua moja.

Usidanganywe na namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. TT600 inasema 60, YN560 IV inasema 58, lakini ya kwanza imepimwa zoom ya kichwa ikiwa 200mm na ya pili 105mm. Zoom ikibanwa, mwanga unakusanyika na namba inapanda bila flashi kuongezeka nguvu hata kidogo. Ukiweka mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga na mtu akawa mita 2, flashi hizi kwa nguvu yote hukupa takriban f/8 (apacha, yaani tundu la lenzi; namba ikikua tundu hupungua) kwenye ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga). Hiyo ndiyo namba ya kukaa nayo kichwani. Kati ya hizo mbili tungechukua TT600, kwa sababu ukija kununua AD200, flashi kubwa zaidi ya Godox, baadaye triga ni ile ile, na kwa triga hiyo TT600 hukubali shata ya kasi kubwa (shata, yaani pazia la kamera, kufunguka kwa muda mfupi kuliko 1/200 ya sekunde), jambo ambalo YN560 IV haina. Godox na Yongnuo hawasikilizani kwa redio. Chagua ukoo mmoja ukae nao.

Triga ndipo pesa nyingi hupotelea. Ya Godox huuzwa kwa herufi: X2T-C ya Canon, X2T-N ya Nikon, X2T-S ya Sony. Ukibeba yenye herufi isiyo yako, itachomeka vizuri tu na kazi haitafanya inavyopaswa. Halafu wenye Canon 2000D, 4000D na 250D, angalieni pale juu ya kamera flashi inapochomekwa: pini ya katikati haipo. Triga za bei poa zinazotegemea pini hiyo peke yake hazitawasha kitu, na TT600 ukiichomeka juu ya kamera hizo nayo haiwaki. X2T-C inazimudu, ila usikubali maneno ya muuzaji. Nenda na kamera yako, chomeka, piga mbele yake. Kama mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, mwambie akupigie simu ya video aijaribu kwenye kamera ya aina yako kabla hujatuma hela.

Flashi ikigoma kuwaka ukiwa kazini, sababu karibu zote ni hizi: chaneli au namba ya ID ya triga hailingani na ya flashi, kundi la flashi yako limezimwa kwenye triga, flashi imelala usingizi wa kutunza betri, au kamera iko kwenye shata ya kimya isiyokubali flashi. Na ukumbini usiiweke flashi kwenye ile hali ya S1 au S2 inayowashwa na mwanga wa flashi nyingine. Kwenye send-off yenye wapiga picha wanne, flashi yako itawaka kwa ajili yao wote, na keki ikifika kukatwa huna betri.

Betri. TT600 inakula nne za AA. Zile nyepesi za redio sahau. Hata alkalaini, pamoja na volti zake 1.5, huchelewa kuijaza flashi zikianza kuchoka. Nunua za kuchaji za NiMH zenye mAh (kipimo cha chaji) 2000 hivi, seti mbili za nne nne. Zimeandikwa volti 1.2 na watu huziogopa kwa hilo, lakini hutoa umeme mwingi kwa mpigo, na hicho ndicho flashi inachotaka. AA ya NiMH iliyoandikwa mAh 4000 ni uongo; za kweli huishia kwenye 2700 hivi. Chaja iwe inayochaji kila betri peke yake, yenye taa nne, kwa sababu betri moja mbovu kati ya nne huzivuta nyingine chini. Andika herufi kwa kalamu ya wino mzito, A kwa seti hii, B kwa ile, usizichanganye kamwe.

Mwavuli wa sentimita 100 hadi 110 unatosha na ni wa bei rahisi. Softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, itakuja baadaye. Kishikio cha kuunganisha flashi, mwavuli na stendi kiwe cha chuma, maana cha plastiki hupasuka pale pale kwenye skrubu. Adui mkubwa huku kwetu ni upepo wa ziwa. Alasiri unavuma kutoka majini, na mwavuli uliofunguliwa ni tanga la mtumbwi. Stendi ya mita 2 ukiipandisha yote bila uzito inakwenda chini na kichwa cha flashi kinatangulia. Jaza mchanga kwenye mfuko wa unga wa kilo 5, funga kwa kamba, ning'iniza katikati ya stendi, mguu mmoja uelekee upande ambao mwavuli umeinamia. Upepo ukizidi, toa mwavuli, mpe kijana aishike flashi juu ya fimbo. Msaidizi anayejua kusimama anashinda stendi yoyote.

Sasa pale Capripoint: kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, shata 1/200, apacha f/5.6, flashi bado imezimwa. Piga anga peke yake, rekebisha apacha mpaka liwe giza kidogo kuliko macho yanavyoliona. Washa flashi, mwavuli ukiwa mita 1.5 kutoka usoni, juu kidogo ya kichwa, nguvu 1/4. Jua huku huzama upesi, kwa hiyo shusha shata tu, 1/125, 1/60, anga linabaki na rangi na sura hazibadiliki, maana shata haigusi mwanga wa flashi. Ukipanda juu ya 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, utaona utepe mweusi umekata picha. Shata ya kasi kubwa inauondoa, ila inameza nguvu nyingi ya flashi. Kipande cha plastiki ya chungwa juu ya kichwa cha flashi kitamfanya bibi harusi afanane na jua la nyuma yake. Bila hicho uso huwa wa bluu.

Saa saba mchana usishindane na jua kwa mwavuli. Anga linataka f/11 na flashi yako inafika f/8. Wasogeze maharusi kwenye kivuli cha mawe, Mwanza mawe hayajaisha.

Ukinunua flashi iliyotumika, fungua mlango wa betri kwanza. Bawaba isicheze, na vyuma vya ndani visiwe na kutu ya kijani. Piga 1/1 mara kumi, ukiipa nafasi ya kujaa kila mara, sikiliza zoom ikitembea, tazama balbu kama ncha zake zimeungua nyeusi. Ukikuta betri iliwahi kuvujia ndani, mrudishie mwenyewe hata kama inawaka.