Swali la lugha: "Hakuja kutumikiwa, bali kutumika". Je, wafasiri waliteleza?

SWALI: Naandaa somo la kikundi kuhusu ukubwa wa kweli, na andiko langu ni Marko 10:43–45. Biblia yangu, ile ya Union Version, inasema Mwana wa Adamu "hakuja kutumikiwa, bali kutumika". Shuleni nilifundishwa kuwa -ka ni kauli ya kutendeka: kikombe kinavunjika, mlango unafunguka, simu inatumika. Sasa Yesu anatumikaje kama simu? Si wangesema "kutumikia"? Tena, mistari hiyohiyo ina mtumishi na mtumwa. Naweza kuwaambia wenzangu kuwa ni kitu kimoja?

JIBU: Wafasiri hawakuteleza, ila nakuelewa. Sikio la leo likisikia "kutumika" linawaza chombo: kisu kinatumika, barabara haitumiki. Hata hivyo, lipo "kutumika" jingine, la zamani na halali kabisa, lenye maana ya kuwa katika kazi ya utumishi. Mzee akikuambia alitumika jeshini miaka ishirini, hakuna anayedhani aligeuzwa bunduki.

Mwalimu wako hakukudanganya. Alikupa nusu ya somo. Si kila kitenzi chenye -ka kinasema kwamba jambo limempata mtenda. Chukua -shughulika. Mtu anayeshughulika hajafanywa chochote na mtu. Yeye ndiye aliye mbioni. Ndivyo ilivyo kwa -hangaika na -kasirika. Sasa panga ngazi: shughulika, shughulikia, shughulikiwa. Weka kando yake: tumika, tumikia, tumikiwa. Ngazi ni ileile, na vipandio vyake ni vilevile. Kwa hiyo ukilikubali "kutumikiwa" la mwanzo wa mstari, tayari umelikubali "kutumika", kwa sababu ndimo lilimotoka. Mstari wenyewe unaanzia juu ya ngazi na kuishia chini. Sisemi wafasiri walilipanga hilo makusudi, lakini nikiwa msomaji nalifurahia.

Ushahidi mwingine umo katika neno mtumishi. Kiswahili kikiunda jina la mtenda kwa kiishio -i, k ya mwisho wa kitenzi hugeuka sh: pika hutupa mpishi, andika hutupa mwandishi. Basi tumika hutupa mtumishi. Lingetoka kwenye tumia tungepata mtumiaji, na huyo ni mtu mwingine kabisa, wakati mwingine ni kinyume chake. Anayeitwa mtumishi lakini hataki kutumika amekata tawi alilokalia.

Je, "kutumikia" lingekuwa kosa? Hapana. Tafsiri za baadaye zimelitumia, na wewe ukizungumza na vijana litumie bila wasiwasi, maana halitamchanganya mtu. Lakini angalia kinachopotea. Kutumikia kunadai mtendwa: unamtumikia nani? Mara mtendwa akishatajwa, hesabu nayo huweza kuanza. Kaka mkubwa katika Luka 15:29 anamwambia baba yake "nimekutumikia miaka mingapi hii", na papo hapo anadai mwana-mbuzi ambaye hakupewa. Methali yetu haifichi kitu: mtumikie kafiri upate mradi wako. Kutumika hakuna mtendwa wa kumdai. Ni hali ya mtu, kama kushughulika. Ameamka anatumika, amelala akiwa ametumika, yeyote aliyepita mbele yake amehudumiwa.

Nisizidishe, maana sarufi haiwezi kubeba theolojia yote. Paulo katika Wagalatia 5:13 anaambiwa na wafasiri walewale aseme "tumikianeni kwa upendo", na hapo -tumikia halina kasoro yoyote. Kilicholiokoa na hesabu ni ile -an-: wewe wanitumikia, nami nakutumikia, daftari la madeni litafungwa na nani? Waliohimizwa hivyo wametoka kuambiwa, katika mstari huohuo, kwamba waliitwa wapate uhuru.

Sasa mtumishi na mtumwa. Usiwaambie ni kitu kimoja. Ni ndugu, wote wametoka kwa -tuma, lakini kila mmoja ana sura yake. Mtumwa ametokana na kauli ya kutendwa: ni yule anayetumwa, asiye na sauti katika kutumwa kwake. Mtumishi anaweza kuwa na mshahara, likizo, hata barua ya kuacha kazi. Mtumwa hana barua hiyo. Kigiriki nacho kina maneno mawili hapo, diakonos halafu doulos, na Marko anateremka nayo: anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wenu, anayetaka kuwa wa kwanza, tena juu zaidi, awe mtumwa wa wote. Kadiri tamaa inavyopanda ndivyo neno linavyoshuka, na "wenu" inapanuka kuwa "wote". Wapo wahubiri wanaosoma mtumishi mara mbili kwa sababu neno utumwa lina jeraha. Nawaelewa, lakini wamekiondoa kipandio kimoja.

Ndugu wa tatu ndiye anayesahaulika: mtume. Kiishio -e hapa humtaja aliyetendewa: kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa, mtume ametumwa. Ndiyo maana Paulo anapofungua barua kwa Warumi anajiita mtumwa wa Kristo Yesu, kisha mtume, na sikio la Kiswahili linasikia tuma, tuma. Kigiriki chake hakina mwangwi huo. Doulos na apostolos hawana undugu. Hii ni zawadi ya lugha yetu. Yohana 13:16 nayo inawaweka pamoja, mtumwa si mkuu kuliko bwana wake, wala mtume kuliko aliyempeleka.

Hata shemasi, aliyetujia kupitia Kiarabu, kwa asili ni mtumishi tu. Majina haya yote yalianzia jikoni na mlangoni, kisha yakapanda jukwaani. Siku hizi "Mtumishi" limekuwa jina la heshima: Mtumishi amewasili, Mtumishi abebewe begi, Mtumishi atumikiwe kwanza. Sicheki sana. Papa Gregori wa Kwanza, aliyeongoza kuanzia 590 hadi 604, alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu, na waliomfuata wakaendelea nalo hadi likawa cheo. Wahenga waliosema mkubwa ni jalala walichagua neno lisiloweza kugeuzwa cheo. Sijasikia mtu akikaribishwa, "Jalala, karibu mbele."

Neno moja kuhusu unyenyekevu, maana somo lako litafika huko. Mathayo 23:12 inasema "atakayejidhili, atakwezwa". Kwa msikilizaji wa leo -dhili liko karibu mno na kudhalilisha, yaani kumvunjia mtu utu. Mweleze kuwa uzito uko kwenye ji-. Anayejidhili anajishusha mwenyewe, kwa hiari na kwa nguvu zake. Anayedhalilishwa ameshushwa na mwingine. Wafilipi 2:8 inasema "alijinyenyekeza", si kwamba alinyenyekezwa. Ukiifuta ji- hiyo, unyenyekevu unakuwa unyonge, na mwenye kuonewa ataambiwa avumilie kwa jina la Injili.

La mwisho ni tahadhari ya matamshi. Yohana 13:5 inasema Yesu alianza "kuwatawadha wanafunzi miguu". Kutawadha ni neno la udhu, limetoka Kiarabu, na kwa kawaida mtu hutawadha mwenyewe. Hapa anatawadhwa na mwingine, tena Bwana wake. Lipo pia kutawaza, yaani kumweka mtu kwenye kiti cha enzi, lililotoka kwa -tawala. Hayana ukoo, ila wengi huwa hawaitofautishi dh na z. Yakobo na Yohana, kabla tu ya mistari yako, walikuwa wameomba viti viwili, kuume na kushoto, yaani watawazwe. Baadaye, kwenye chakula cha jioni, wakatawadhwa. Kwa hiyo ukilisoma fungu hilo mbele ya wenzako, weka ncha ya ulimi vizuri kati ya meno.