Duka Kubwa Kando ya Kituo: Maswali ya Wasomaji

Safari hii nimechagua maswali machache kati ya yale yaliyofika kuhusu maduka makubwa na vituo vya usafiri wa umma. Wanaouliza iwapo maduka hayo yapigwe marufuku mijini nimewaacha, kwa kuwa nimewajibu mara nyingi na jibu halijabadilika: hapana, ila yasije na uwanja wa magari.

Mteja aliyenunua jokofu atalipandishaje kwenye basi la mwendokasi?

Swali hili huletwa na watu ambao, nina hakika, hawajawahi kubeba jokofu kwenye gari dogo. Anayenunua jokofu Kariakoo, Dar es Salaam, hupatana bei na mwenye kirikuu au guta, humwelekeza nyumbani, kisha yeye mwenyewe hupanda basi Gerezani na kuondoka akiwa mikono mitupu. Utaratibu huo tunauona wa kienyeji, lakini ndio uliofuatwa na IKEA, wauza samani wa Sweden, walipofungua duka mjini Vienna Agosti 2021, kando ya stesheni ya reli ya Westbahnhof. Jengo lina ghorofa saba na halina hata nafasi moja ya maegesho ya wateja. Mnunuzi huondoka na kile anachoweza kukibeba, na kitanda au kabati humfuata nyumbani kutoka ghalani. Tofauti ni kwamba wao waliupanga usafirishaji huo tangu michoro ya mwanzo, ilhali sisi huchora jengo zima bila kumtengea mwenye kirikuu mahali pa kusimama, kisha tukamtuma mgambo amfukuze.

Mwekezaji akijenga maegesho mengi, si atakuwa ametupunguzia msongamano barabarani?

Maegesho huita magari. Nafasi moja, ukijumlisha na njia ya gari kupita na kugeuka, hula takribani mita za mraba 25 hadi 30, hivyo nafasi 1,000 ni karibu hekta tatu za sakafu ambazo hazikai mtu wala haziuzi kitu.

Mfano ninaourudia, na nitaendelea kuurudia, ni wa mtaa wa Columbia Heights mjini Washington. Mwaka 1999 mtaa huo ulipata stesheni ya treni za chini ya ardhi, na mwaka 2008 likafunguliwa karibu nayo jengo la maduka liitwalo DC USA, ambalo mpangaji wake mkuu ni Target, mojawapo ya kampuni kubwa za rejareja za Marekani. Kwa upande wa duka, mradi ulifanikiwa: maduka yalipandishwa juu kwa ghorofa badala ya kutandazwa chini, milango ikaelekezwa barabarani, na wateja wakaja kwa miguu na kwa treni. Hata hivyo, hofu ya kukosa wateja wenye magari iliufanya mji ujenge kwa fedha za umma maegesho ya nafasi 1,000 chini ya jengo hilo, na yalipofunguliwa sehemu kubwa ikabaki tupu, hata siku za mwisho wa wiki. Duka lilijaa watu huku handaki la magari likitunza giza, na hasara ikamwangukia mlipa kodi, pamoja na yule asiye na gari.

Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia miaka mingi kueleza kwamba maegesho ya bure hulipiwa na kila mnunuzi, kwa kuwa gharama yake hufichwa ndani ya bei ya bidhaa. Jimbo lake hatimaye lilisikia: tangu Januari 2023, sheria ya California inazizuia serikali za mitaa, isipokuwa katika hali chache, kumlazimisha mjenzi aweke idadi fulani ya maegesho ndani ya nusu maili, yaani kama mita 800, kutoka kituo kikuu cha usafiri wa umma. Halmashauri zetu zinazoendelea kudai maegesho kabla ya kutoa kibali cha ujenzi kando ya njia ya mwendokasi zinatumia mkono mmoja kujenga na mwingine kubomoa.

Mwenye duka anasema anataka mlango mmoja tu kwa sababu ya wizi. Ana haki?

Ana haki ya mlango mmoja. Hana haki ya kumpa mpita njia ukuta mtupu wa mita 100. Dawa yake ni kulificha sanduku, yaani lile duka kubwa lenyewe: sakafu kubwa iwekwe ghorofani au chini ya ardhi, na upande wa mtaani upangwe fremu ndogo, kila moja na mlango wake. Mjini Vancouver, Costco, kampuni inayojulikana kwa kuuza kwa maboksi na kwa viwanja vipana vya magari, tangu mwaka 2006 ina duka chini ya minara ya makazi, jirani na stesheni ya treni ya Stadium–Chinatown. Magari bado yamo, lakini yamefunikwa. Iwapo Costco wameweza kujikunja kiasi hicho, sioni kwa nini mwekezaji wa Ubungo aambiwe kwamba haiwezekani.

Malori ya kushusha mizigo yapite wapi?

Yapite nyuma, yashushe ndani ya jengo, na yasikatishe kamwe njia ya waendao kituoni kwa miguu.

Je, duka kubwa halitaliua duka la Mangi, lile duka dogo la mtaani?

Mangi anauza sukari robo kilo, anakopesha hadi mwisho wa mwezi, na saa nne usiku bado yupo dirishani. Duka kubwa haliwezi kumwiga hata likitaka.

Ninachohofia mimi ni siku ambayo duka kubwa lenyewe litaondoka. Jengo la maduka la Mlimani City, Dar es Salaam, lilipofunguliwa mwaka 2006, wapangaji wake wakuu walikuwa Shoprite na Game, wote kutoka Afrika Kusini. Shoprite waliwauzia Nakumatt wa Kenya maduka yao ya Tanzania mwaka 2014, Nakumatt nao wakaanguka, na baadaye Game pia wakafunga. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mpangaji ni nani, muulizeni mjenzi kama sakafu ile inaweza kugawanywa fremu 20 bila kubomoa nguzo, na kama ina ngazi na vyoo vya kutosha kwa wapangaji hao 20. Akisita kujibu, msiridhie.

Mlimani City si tayari ni mfano wa duka kubwa karibu na usafiri?

Iko karibu kwenye ramani. Anayeshuka daladala Barabara ya Sam Nujoma hulazimika kuvuka uwanja wa magari juani, akipisha madereva wanaotafuta nafasi, kabla hajaugusa mlango, kwa sababu jengo lilitandazwa chini na kusogezwa nyuma kwa ajili ya mwenye gari. Awamu ya nne ya mwendokasi imepangwa kupita barabara hiyo kati ya Mwenge na Ubungo, na ndiyo maana uwanja ule ninautazama kama kiwanja kinachosubiri kujengwa. Si lazima uvunjwe wote kwa siku moja. Safu ya kwanza ya fremu zenye baraza na paa la kivuli, iliyopangwa ukingoni mwa barabara na kuachiwa njia pana ya kupita hadi mlango mkuu, ingechukua sehemu ndogo tu ya nafasi za magari.