Kaseti Iliponyamaza: kwa nyie mnaoanza zamu ya zilipendwa

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni nageuza migebuka, redio iko dirishani, nikamsikia mmoja wenu akisema, kwa ile sauti yake nzuri ya kubembeleza, kwamba "Rangi ya Chungwa" ni ya Tabora Jazz. Samaki wakaungua upande mmoja. Haikupita dakika mbili mzee akapiga simu kutoka Gungu, hapa hapa Kigoma, akasema taratibu, "Mwanangu, ile ni Nyanyembe." Na wewe ukamjibu hewani: "Mzee, huku mtandaoni imeandikwa hivyo." Simu ikakata. Wewe ulisema ni salio. Mimi nasema ni hasira.

Sikukupigia kukusema, kwa sababu na mimi nina yangu. Nitayafikia. Kwanza haya madogo, maana nimechoka kuyasikia kila wanapokuja wapya.

1. Bendi ya Tabora siyo lazima iwe Tabora Jazz. Mji ule ulikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, ulikuwa na Tabora Jazz wenyewe, wana wa mtindo wa Segere Matata, na ulikuwa na Nyanyembe Jazz, na "Rangi ya Chungwa" ni ya hao wa mwisho. Mkizichanganya hamjakosea jina tu, mmeingilia ugomvi wa watu. Baba yangu mdogo alifanya kazi reli Tabora, yeye Nyanyembe, mkewe Tabora Jazz, na redio ya pale nyumbani iliwashwa na kuzimwa kutegemea nani yuko karibu nayo. Mpaka wanazeeka walikuwa hawajapatana kuhusu jambo hilo, ingawa waliafikiana kuhusu watoto saba.

2. Majina ya bendi yanahama, na wanamuziki wanahama. NUTA Jazz ya 1964 ndiyo JUWATA, ndiyo OTTU, ndiyo Msondo Ngoma. Usimwambie msikilizaji kwamba hizo ni bendi nne. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano mwaka 1973, kwa hiyo ukipiga "Shida" usiipeleke Morogoro Jazz. Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Juma Kilaza ni jina lile lile ila zama tofauti, kwa sababu Salum alifariki mwaka 1965. Andikeni kwenye daftari. Daftari, siyo simu, simu mnaishiwa chaji katikati ya kipindi halafu mnaanza kucheka-cheka hewani.

3. Msimfanye mtu azaliwe Kigoma kwa nguvu. Najua tunavyopenda kujisikia, na tuna haki: mwisho wa reli hapa pametoa watu. Lakini Diamond alizaliwa Dar es Salaam akakulia Tandale. Asili yake ndiyo Kigoma, na asili inatosha kutamba nayo. Hakuna haja ya kumpitisha Ujiji akiwa na mwezi mmoja mgongoni, kama alivyofanya mwenzenu mmoja aliyetuelezea hadi mti aliochezea chini yake. Mti! Mwaka 2012, ule wimbo "Leka Dutigite" wa Kigoma All Stars, wasanii wenye asili ya huku, ulipotoka, mji mzima ulijaa ndugu wa mastaa. Nilipokea simu za mashangazi wa Diamond wanne kwa jioni moja, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Ajabu ni kwamba yule ambaye kweli ni wetu mnamgawa bure. Shem Karenga ni mtu wa Kigoma. Alianzia Lake Tanganyika Jazz hapa hapa ndipo akaenda Tabora Jazz, na huko ndiko "Dada Asha" ilikompatia jina, baadaye akawa na bendi ya Maquis Original, akafariki Desemba 2014. Kila mkipiga "Dada Asha" mnasema "mtoto wa Tabora". Mzee wa watu ameacha ziwa lote hili nyuma yake, nyie mnamzamisha kwenye asali ya Wanyamwezi.

4. Usimwamini mtu kwa sababu ana machozi.

Hii ndiyo yangu.

Ilikuwa 2011, nina miaka minne kwenye kipindi, najiona. Siku ya Alhamisi akaja mzee mapokezi, koti la kijivu, gitaa la kuazima lina nyuzi tano. Akaniambia wimbo fulani, sitautaja, mnaupiga kila wiki na wazee wa Kibirizi wanapiga simu kuuomba, aliutunga yeye. Bendi yenyewe ilishavunjika zamani. Jina la mtunzi kwenye kaseti yetu halikuwepo; lilikuwepo jina la wimbo tu, kwa kalamu ya bluu.

Nikamkalisha. Akanitajia majina ya utani ya wapigaji wote, mpiga besi, mpiga rizimu, mpaka yule dereva. Akanisimulia safari yao ya kwenda kurekodi Radio Tanzania, gari lilivyokwama, walivyolala juu ya maspika ili yasiibiwe. Nywele zilinisimama. Nikasema Mungu ameniletea hazina hapa kwenye benchi la mapokezi. Sikumwuliza mtu mwingine hata mmoja. Kuna mpiga ngoma wa zamani alikuwa anaishi Katonga, bodaboda ni shilingi elfu moja, sikwenda. Nilitengeneza promo. Ikapigwa siku tatu, kila saa.

Jumapili saa mbili usiku tukaingia. Alisimulia vizuri kuliko alivyosimulia Alhamisi. Alilia, na mimi nikalia, fundi mitambo naye nilimwona nyuma ya kioo anajifuta. Mzee akasema hajawahi kupata hata senti kumi kwa wimbo ule, mguu unamuuma, anahitaji kwenda Dar kutibiwa. Nikatoa namba hewani. Zikaingia shilingi 214,000. Kwa Kigoma ya wakati ule, usiku mmoja, za watu wanaouza dagaa na mawese.

Nikamwomba auimbe. Akaimba ubeti wa kwanza, wa pili, kibwagizo, na alipofika pale gitaa la solo linapoanza kupanda, akanyamaza. Kimya. Nikamshika bega, nikawaambia wasikilizaji, maneno yangu mwenyewe nayakumbuka yote: "Mzee wetu ameshindwa kuendelea, uchungu umemkaba." Nikapandisha wimbo wenyewe taratibu chini ya sauti yangu. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jumanne akaja mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima, amevaa kanga, kaongozana na mjukuu wake kama wa darasa la tano aliyembebea mwavuli. Akapokea shikamoo yangu, akakaa, hakutaka maji. Akaniuliza, "Baba, yule mzee wako, mbona hakuumalizia?"

Nikamweleza habari ya uchungu.

Akaniangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Alinyamaza pale pale kaseti yenu inaponyamaza."

Sikuelewa. Akaanza kuimba pale pale mapokezi, kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua ofisi. Akapita ubeti wa kwanza, wa pili, kibwagizo, akalipita gitaa kwa kuhesabu na kidole gotini, akaingia ubeti wa tatu. Mimi nilikuwa nimeupiga ule wimbo miaka minne na sikujua kwamba una ubeti wa tatu. Kaseti yetu ilikuwa imerekodiwa na mtu kutoka redioni, utepe ukaishia pale, na sisi tukadhani wimbo ndiyo umeisha. Katika ubeti wa tatu kuna jina la mwanamke. Mjukuu akasema, "Ndiyo jina la bibi."

Mtunzi alikuwa mume wake. Amekufa miaka mingi, amezikwa Ujiji, na majirani waliokesha msibani ndio waliokuwa wamempigia simu usiku ule kumwuliza kwani marehemu amefufuka.

Nikakimbilia gesti ya Mwanga alikofikia yule mzee. Alikuwa amelipa, ameaga vizuri, ameondoka Jumatatu alfajiri. Baadaye yule mpiga ngoma wa Katonga, ambaye sasa nilikwenda kwake hata bila kuulizwa, alicheka mpaka akakohoa: kumbe yule mzee wa gitaa la kuazima alikuwa mbeba vyombo wao. Msimu mmoja tu. Kwa hiyo gari lilikwama kweli, na kwenye maspika alilala kweli, tena pengine yeye peke yake. Kila alichonisimulia kuhusu bendi kilitokea. Alijisogeza tu kutoka nyuma ya jukwaa hadi mbele. Nilimchukia mwaka mzima, siku hizi simchukii sana. Kubeba spika za zama zile siyo mchezo.

Bosi hakunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema nitaomba radhi Jumapili tatu mfululizo, saa ile ile, kwa sauti ile ile iliyotoa namba, na kwamba zile 214,000 ni zangu kulipa. Nililipa kwa miezi minne, nazipeleka Ujiji mwenyewe. Mama alikuwa anazihesabu mbele yangu, noti moja moja, halafu ananipa chai. Mara ya mwisho aliniuliza kama mshahara wetu unatosha. Nikasema hautoshi. Akasema, "Mume wangu naye alikuwa anasema hivyo," akaongeza sukari.

5. Kabla ya kumwita mwanamuziki "marehemu", piga simu mbili. Kabla ya kumwita "gwiji", moja inatosha, hakuna atakayelalamika.

6. Msikilizaji mzee akikusahihisha, mshukuru kwanza, bisha baadaye, nje ya hewa. Yule wa Gungu nimeshampigia. Anasema hana kinyongo, ila anataka Jumapili hii uipige "Rangi ya Chungwa" yote, usiizungumzie juu, na useme Nyanyembe mara mbili. Mara mbili alisema. Nimemwahidi kwa niaba yako.

7. Jenereta lina mafuta ya saa moja na nusu. Nani alitumia mengine kuchaji simu, namjua.

Zilipendwa zote zimo kwenye fleshi ya bluu, droo ya chini. Ile nyeusi ina virusi, msiichomeke. Wimbo namba 41 ndio ule. Tumeutafuta mzima, Tabora tumeuliza, Dar tumeuliza, hatujaupata, kwa hiyo bado unakatika gitaa likianza kupanda. Ukikatika usiombe radhi kwa hitilafu za mitambo. Sema kuna ubeti mmoja zaidi, halafu subiri kidogo kabla ya kufungua simu, maana mama wa Ujiji huwa anasikiliza.