Uliza Ujibiwe: Nyuki anakuuma halafu anakufa, sa anafaidika nini?

Shikamoo Mwalimu. Mi nafuga nyuki huku Sikonge, mizinga mingi ya magogo na michache ya kisasa. Juzi narina usiku bomba la moshi likanizimikia katikati ya kazi, nikaumwa mpaka nikatupa ndoo nikakimbia. Kurudi kwenye mwanga naona miiba imeng'ang'ania mkononi na vile vifuko vyake, na asubuhi nyuki waliouma wamejifia chini ya mti. Tunaambiwa kila kiumbe kinapigania kuishi, sa huyu mbona anajiua? – Mrina Asali

Marahaba mwanangu, na pole na mkono. Kwanza siku nyingine usianze kuhesabu miiba, ikwangue haraka kwa kucha au kisu, maana kile kifuko kinabaki kinadunda chenyewe kinasukuma sumu hata kama nyuki hayupo tena, na pale kwenye mwiba panatoka harufu kama ya ndizi mbivu ambayo kwa nyuki wenzake ni yowe la kuitana. Ndo maana wa kwanza akishakuuma wanakuja kundi zima.

Sa tuje kwenye swali. Ile sentensi ya kila kiumbe kupigania kuishi ndo imekupoteza. Kiumbe hakidumu, mi na wewe na nyuki wako wote tutaoza tu. Kinachodumu ni jeni, yale maelekezo ya kujenga mwili ambayo mzazi anamnakilia mtoto na mtoto mjukuu. Chukulia daladala na abiria wake: gari likichakaa linakatwa skrepa, ila abiria alishashuka zamani kapanda lingine. Tofauti ni kwamba hawa abiria ndo walichonga gari wenyewe, na walioko barabarani leo ni wale ambao magari yao yaliwafikisha, wengine waliishia njiani. Jeni hazina akili, usije ukadhani zimekaa kikao zikapanga.

Haya, mwangalie nyuki kibarua wako, huyo aliyekuuma. Ni jike, ila hapandwi na dume, na malkia akiwepo kwa kawaida hatagi, na msimu wa maua anaishi kama wiki 6 basi. Hana mtoto wa kumwachia kitu. Lakini jeni zilizomchonga yeye, pamoja na hizo za kuuma na kufa, zimo pia ndani ya mama yake malkia, na malkia hajiui hovyo, mwiba wake hauna zile ndoana za kumnasa kwenye ngozi yako. Kwa hiyo kibarua akifa akakufukuza wewe na ndoo yako, malkia anabaki anataga, na jeni ileile inapanda magari mapya kila siku. Ukiangalia kwa jicho la nyuki mmoja ni hasara tupu, ukiangalia kwa jicho la jeni ni biashara nzuri sana.

Kuna na mahesabu yake, mwanabaiolojia Hamilton wa Uingereza aliyaandika mwaka 1964. Nyuki dume anatoka kwenye yai lisilorutubishwa, yaani hana baba (ana babu lakini, fikiria hapo!), ana kromosomu (vile vijiuzi vinavyobeba jeni) 16 wakati jike ana 32. Kwa vile ana seti moja tu, kila binti yake anapata zote zilezile. Ndugu wa kike wa baba mmoja na mama mmoja wanajikuta wanafanana jeni kwa asilimia 75, wakati mama na mtoto ni 50. Ila hiyo 75 usiishike kama msahafu, malkia anapandwa na madume 10 mpaka 20 hivi, kwa hiyo mzingani wengi ni ndugu wa mama mmoja baba mbalimbali na hapo inashuka mpaka 25. Mi naona la malkia kutaga kwa niaba ya wote lina uzito kuliko hiyo hesabu. Na kibarua mwenzao akijifanya mjanja akataga yai lake, wenzie wanalila.

Mwalimu, mi nafundisha baiolojia Muheza. Wanafunzi wananibana, kama jeni mbovu zinachujwa mbona ya seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ipo tu na inaua watoto? – Ticha

Ticha mwenzangu, mbovu kwa nani? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akakuta hiyo jeni imejaa pwani na kando ya Ziwa Victoria, ila nyanda za juu kwenye baridi ni adimu. Mwaka 1954 akaonyesha sababu ni malaria. Mwenye nakala moja, toka kwa mzazi mmoja, malaria kali inamkwepa sana, anakua, anazaa, jeni inasonga mbele. Mwenye nakala mbili, toka kwa wazazi wote, ndo anaumwa. Jeni haimwonei huruma yule wa pili ilimradi wa kwanza anaipeleka. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala mojamoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, na ni kila mimba upya, sio kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wamepona. Hapo kwenye mitihani wanafunzi wanakosaga sana.