Ukijitoa kemia, msaada wa masomo Marekani unakatwa?

Hapana, mdogo wangu, si kwa W moja, yaani alama ya kujitoa somo. W haishushi GPA (wastani wa alama zako), ila krediti zake zinahesabiwa kuwa ulizijaribu ukazikosa. Ili Pell Grant, ruzuku ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi, iendelee, vyuo vingi vinataka uwe umepata kama asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Tuseme una krediti 16 tu, ukijitoa kemia yenye 4 na kufaulu 12 zilizobaki, ni asilimia 75. Uko salama. Kinachowanasa watu wa sayansi ni alama ya D: kwa serikali umefaulu, lakini idara nyingi zinataka C ndipo uguse somo linalofuata. Inabidi urudie, na somo ulilokwisha kufaulu serikali inalilipia marudio mamoja tu. Nenda ofisi ya misaada kabla hujajitoa, usiwasikilize washikaji.