Nimepata Leseni, Mbona Naogopa Kusema?

Majibu ya barua zenu kuhusu redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana hewani kwa kujipendea, si kwa biashara

Shikamoo mama. Nimefaulu mtihani na leseni ninayo, hii ni wiki ya tatu. Nina redio ya mkononi ya wati 5. Kila jioni nawasikiliza wenzangu kwenye ripita, ule mtambo unaorusha upya sauti zetu, hadi nimeshawajua kwa sauti na kwa vikohozi vyao. Lakini nikitaka kuita, koo linakauka. Nimebonyeza kitufe mara nne, nikaachia bila kutamka neno. Niseme nini? Na nikikosea, hawatanicheka?
*Mgeni wa hewani*

Marahaba mwanangu, na hongera. Hofu hiyo naifahamu vizuri. Nilipoanza, miaka 26 iliyopita, niliandika maneno yangu ya kwanza kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya redio. Nikaita. Kimya. Jioni ya pili nikaita, kimya. Ya tatu vilevile, nikaamini kwamba wamesikia sauti ngeni ya mwanamke wakaamua kuninyamazia. Nililia. Kesho yake nikampelekea redio mzee aliyetufundisha darasani. Akaitazama kitambo kidogo, akaniuliza, "Toni umeiweka?" Sikuwa nimeiweka. Siku zote tatu ripita haikunifungulia, na hakuna binadamu hata mmoja aliyenisikia.

Kwa hiyo kabla ya kushughulikia koo lako, tuhakikishe redio inafika. Ripita husikiliza kwenye masafa fulani na papo hapo hurusha kile inachokisikia kwenye masafa mengine. Kwenye bendi ya mita 2, tofauti kati ya hayo mawili mara nyingi ni kilohezi 600. Ukiisikia ripita kwenye megahezi 145.700, redio yako ikibonyezwa kitufe inatakiwa ihamie yenyewe 145.100, kisha irudi ukiachia. Usipoipangia hivyo, utakuwa unazungumza mahali ambapo ripita haina sikio. Tena ripita nyingi hudai toni ya chini, kwa mfano hezi 88.5, inayosafiri chini ya sauti yako. Wanaokusikiliza hawaisikii, lakini ripita inaitumia kama ufunguo wa mlango.

Jaribio lake ni rahisi. Bonyeza, taja alama yako ya mwito, yaani herufi na namba ulizopewa na leseni, achia. Ripita ikibaki hewani sekunde moja au mbili baada yako, pengine na kamlio kafupi, ujue imekufungulia. Ukisikia kimya kitupu, rudi kwenye toni na tofauti ya masafa. Nakuomba usibonyeze tena bila kusema. Hizo mara nne, wenzako walisikia mlango ukifunguliwa na asiingie mtu, na masharti ya leseni yanamtaka anayerusha ajitambulishe.

Sasa maneno. Kwenye ripita hakuna haja ya kuita "CQ, CQ", ule wito kwa yeyote anayesikia, kama wafanyavyo wanaotafuta nchi za mbali. Taja alama yako, herufi baada ya herufi kwa ule utaratibu wa Alfa, Bravo, Charlie, kisha sema "nasikiliza". Basi. Ukishabonyeza, hesabu moja moyoni ndipo uanze, kwa sababu ripita huchukua muda kidogo kuamka na bila hivyo itakumeza silabi za mwanzo. Shika redio upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni, na usipaze sauti. Ukipiga kelele maneno yanapasuka, na watu hudhani una antena mbovu.

Kama mazungumzo yanaendelea, ngoja mmoja amalize zamu yake, kisha utaje alama yako tu. Watakukaribisha. Watauliza jina lako, ulipo, na unawasikiaje. Swali hilo la mwisho lijibu kwa namba mbili: ya kwanza, kutoka 1 hadi 5, ni jinsi unavyomwelewa, ya pili, kutoka 1 hadi 9, ni nguvu ya mawimbi yake. Wengi humpa kila mtu 59 kama salamu, na mimi jambo hilo linanikera. Kwenye ripita namba ya pili haina maana kubwa, kwani nguvu unayoipima ni ya ripita yenyewe, lakini ya kwanza ina kazi. Maneno ya mwenzako yakikatikakatika, mwambie. Huenda ameuliza kwa sababu jana alihamisha antena.

Kucheka? Wapo wenye ulimi mkali, wachache. Waliobaki wamezungumza wao kwa wao miaka mingi na wana njaa ya sauti mpya. Ukijikwaa, sema "narudia", urudie. Karatasi yangu ya ukutani niliibandua baada ya wiki mbili hivi, na ninayo hadi leo ndani ya daftari langu la kwanza la mawasiliano.

Leseni yangu inaniruhusu bendi za mawimbi mafupi, zile zinazofika nchi za mbali, na redio ya wati 100 tayari ninayo. Nimejiwekea akiba, nataka kununua kipaza nguvu kinachofikisha wati 400 ili nifike mbali. Kwa sasa natumia waya nilioutandaza chumbani. Unashauri nini?
*Mwenye haraka ya kufika*

Usinunue. Naomba unisikilize kwa hili kuliko lolote nililowahi kuandika hapa.

Mita ya redio ya yule anayekusikiliza imegawanywa kwa hatua, S1 hadi S9, na kwa kawaida kila hatua ni desibeli 6, yaani nguvu mara nne. Ukitoka wati 100 kwenda 400, kwake umepanda hatua moja. Moja! Na kipaza nguvu hakikuongezei chochote katika kusikia. Utakuwa mtu anayesikika asiyesikia. Waya uliotoka chumbani, ukapanda juu, mbali na kelele za chaja na taa za nyumbani, utakufaa kote kuwili.

Antena ya kuanzia ni waya uliokatwa katikati. Chukua 143, gawanya kwa masafa yako kwa megahezi, jibu ni urefu wote kwa mita. Kwa bendi ya mita 20, pale 14.2, unapata kama mita 10.07, yaani mikono miwili ya mita 5 na kidogo. Kata kila mkono ukiwa umezidi sentimita 15, maana kupunguza ni rahisi na kurefusha ni taabu. Katikati unganisha waya wa koaksi wa omu 50: shaba ya ndani kwenye mkono mmoja, wavu wa nje kwenye mkono wa pili. Ncha zifunge kwenye kipande cha plastiki, kisha kamba. Ukiwa na mlingoti mmoja tu, inua katikati na uache mikono ishuke kama paa la nyumba, itafanya kazi. Ukiweza kufika mita 10 juu, mawimbi yataondoka kwa pembe ya chini, na hiyo ndiyo pembe ya kufika mbali. Ila tazama nyaya za umeme kwanza. Antena isipite juu yake wala chini yake, na hata ikianguka yote isiweze kuzigusa. Hapo sina mjadala na mtu.

Halafu pima, kwa mita ya SWR, mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena; 1 kwa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Kipimo kikionyesha sehemu nzuri ipo kwenye masafa ya chini kuliko unayoyataka, waya ni mrefu. Punguza mikono yote miwili sawasawa, kidogo kidogo. Ukipata 1.5 kwa 1, shuka, nenda kazungumze. Nimeona watu wakipoteza Jumapili nzima kutafuta 1.1.

Ziba maungio. Antena yangu ya kwanza ilinipa miezi mitano ya raha, kisha ikaanza kuzibwa masikio kila baada ya mvua. Nikalaumu jua, maana nalo hubadilisha safari ya mawimbi. Nikaifungua redio, ambayo haikuwa na kosa. Mwishowe nilipokata koaksi pale katikati, shaba ilikuwa nyeusi urefu wa mkono mzima: maji yalikuwa yakiingia juu na kuteremka ndani kama kwenye utambi. Zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na koaksi iache ining'inie chini ya ungio ili matone yadondokee pembeni.

Waya ukiwa juu, bado usiite. Weka redio kwenye 14.100, hali ya kupokea Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu, utulie dakika tatu. Mahali hapo upo mpango wa kimataifa wa vituo 18, vinavyopokezana kila sekunde 10: ZL6B wa New Zealand, OH2B wa Finland, LU4AA wa Argentina, 5Z4B wa Kenya na wengine. Kila kimoja kinataja alama yake kwa Morse kwa wati 100, kisha kinatoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, na wa nne wati 0.1. Kwa hiyo ndani ya dakika tatu unajua njia gani ya dunia imefunguka, na imefunguka kiasi gani. Morse yake ni ya haraka, lakini zamu hufuata saa, hivyo ukiwa na ratiba na saa sahihi utamtambua aliye hewani bila kusoma herufi moja.

Asubuhi moja niliisikia milio yote minne ya OH2B. Wati 0.1, sehemu moja ya hamsini ya nguvu ya redio ya mkononi, umetoka Finland ukaja kutua kwenye waya nilioukata kwa kisu cha jikoni! Tangu siku hiyo sijatamani kipaza nguvu. Jioni yake nilirudi palepale nikakuta bendi imekufa, nikahamia mita 40, ambayo usiku huamka kwa kuwa tabaka la chini la ionosfera (hewa ya juu sana inayorudisha mawimbi duniani), lile linalomeza mawimbi yake mchana, hutoweka jua likizama.

Kuna anayeniambia kwamba asiyejua Morse si mtu wa redio. Ni kweli?
*Nimeudhika*

Si kweli. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003, Geneva, uliliondoa sharti hilo katika kanuni za kimataifa, na kila nchi ikaachiwa uamuzi. Mimi naipenda kwa sababu hupenya pale ambapo sauti ya mtu inashindwa. Ukitaka kujifunza, jifunze kwa sikio. Usichore nukta na mistari; K iingie kichwani kama *daa-di-daa*, kama unavyolijua jina la mtu kwa mlio wake.

Naishi chumba cha kupanga, ghorofani, mwenye nyumba hataki kuona waya wowote. Je, nimepoteza leseni yangu bure?
*Mpangaji*

Hapana, ndugu yangu. Anza na mkia: waya laini wa sentimita 49, ncha yake moja ifungwe kwenye pete ya chuma chini ya antena ya redio yako ya mkononi, uache ining'inie. Hiyo ni robo ya wimbi kwenye bendi ya mita 2. Redio inapata nusu yake ya pili, ambayo kwa kawaida huikopa kwenye kiganja chako, na ripita iliyokuwa ikikusikia kwa shida huenda ikakusikia safi.

Kisha angalia juu. Mwaka 1983 Owen Garriott, alama yake W5LFL, alizungumza na watu wa redio ya ridhaa duniani akiwa ndani ya chombo cha anga Columbia. Leo Kituo cha Kimataifa cha Anga kina redio zetu, na mara nyingi sauti yake hushuka kwenye 145.800. Kipo kama kilomita 400 juu, kwa hiyo kinapopita upande wa dirisha lako hakuna ukuta wala kilima kati yenu, ni dirisha tu. Zipo programu za simu zinazotaja saa ya kupita. Fungua kabisa kizuia kelele, kile kinachoinyamazisha redio pasipo na mawimbi, ilaze antena iwe kiubavu kuelekea kituo kilipo badala ya kukinyooshea ncha, na uizungushe taratibu hadi mikwaruzo ipungue. Una kama dakika 10, pengine pungufu. Mara nyingi hutasikia kitu, kwa sababu wanaanga wana kazi nyingine.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimesimama dirishani, kiwiko nje. Mwanaanga alikuwa anajibu maswali ya wanafunzi. Wao walikuwa wakirusha kwenye masafa mengine, kwa hiyo nilipata majibu matupu: ndiyo, tunalala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani; hapana, sijazoea bado; ndiyo, mawingu ya radi usiku yanaonekana vizuri sana. Dakika saba hivi, kisha mikwaruzo. Swali la yule mtoto wa katikati, lile la "sijazoea bado", bado najiuliza lilikuwa lipi.